Nilisema Ulikuwa Umelewa

Kaka Yoramu,

Wiki mbili zilizopita nilikwenda Kamsamba kwa mama yako. Nimeona nikuandikie, ingawa haya ulistahili kuyasikia ukiwa hai.

Sikuja kukuzika. Jumamosi uliyozikwa nilikuwa ulingoni hapa Tunduma, nimevaa mkanda wa ubingwa, na watu wa Nakonde wamevuka mpaka kuja kunishangilia. Mtangazaji aliomba dakika moja ya kukukumbuka. Niliinamisha kichwa kama wengine. Kisha nikapigana.

Niache niyaseme tangu mwanzo, maana nimeyapindisha mara nyingi.

Ulinikuta napakia mizigo kwenye malori, mwili mkubwa na akili ya kuutumia sina. Ukanifundisha mieleka. Wiki za kwanza hukuniruhusu kumrusha mtu. Ulinifundisha kuanguka tu. "Kidevu kifuani, Ezekia. Ukienda hewani, kidevu kifuani." Kuna waliotucheka kwamba mieleka yetu ni maigizo kwa kuwa mshindi alipangwa mapema. Ni kweli, mshindi alipangwa. Lakini mbao tulizoangukia zilikuwa mbao kweli.

Na mbao zile zilioza. Ni wewe uliyeingia chini ya ulingo ukatoka na kipande kinachomeguka mkononi. Ulimpelekea Bosi, promota wetu. Akasema tumalize msimu kwanza. Ukatukusanya wapiganaji wote sita nyuma ya godauni tulikobadilishia nguo, tukakubaliana kwamba hakuna anayepanda ulingoni mpaka mbao zibadilishwe. Mimi ndiye niliyeinua mkono wa kwanza.

Jumamosi iliyofuata, mchana, Bosi aliniita pembeni. Kaka, nimewaambia watu wengi kwamba alinitisha. Hakunitisha. Alisema tu, "Yoramu amezeeka. Nataka bingwa mpya. Ukipanda leo, mkanda ni wako." Muziki ulipoanza, nikapanda. Nikasimama peke yangu pale juu, watu wanapiga mayowe, na ninyi watano mnanitazama kutoka chini.

Ndipo ukapanda. Ulinikaba shingo kama vile pambano limeanza, ukaninong'oneza, "Mjinga wewe, ulitaka upigane na nani? Twende taratibu. Tucheze pembeni, katikati pabovu." Nikakubana kiganja, ile alama yetu ya kusema nimekuelewa. Nilikuwa nimekuelewa kabisa.

Tulicheza pembeni, ukinibeba, ukinifanya nionekane bingwa. Kisha nikakunyanyua. Uwanja mzima ukasimama, wakaanza kuita jina langu. Siku zote walikuwa wakiita la kwako. Sikutaka waache. Nikatembea nawe mabegani hadi katikati, na pale katikati nikakutupa.

Mbao zilikatika, tukaporomoka wote wawili. Kidevu chako kilikuwa kifuani. Wewe ulifanya kila kitu sawasawa.

Shemeji Tabitha alipopeleka malalamiko yako kwenye usuluhishi wa kazi, Bosi alisema ulijiumiza mwenyewe. Akanitaja mimi kuwa shahidi. Nilikuwa na wiki nzima ya kufikiri, kwa hiyo siwezi kusema nilishtukizwa. Niliingia chumba kile nikasema ulikuja ulingoni umelewa. Wewe, mzee wa kanisa, ambaye hata harusini ulikuwa unaomba soda! Nikaongeza kwamba nilisikia harufu ulipokuwa karibu yangu. Msuluhishi akaniuliza kama nina uhakika. Nikasema nina uhakika.

Ulikuwa kwenye kiti cha magurudumu, karibu kiasi cha kunigusa kama mikono yako ingekuwa na nguvu. Nilingoja uniite mwongo. Tulipofika mlangoni ukaniita kwa ile sauti ndogo uliyobaki nayo: "Ezekia, mgongo wako unaendeleaje? Na wewe ulianguka vibaya."

Nilijifanya napokea simu.

Shauri likatupwa. Shemeji akakurudisha Kamsamba, na mpunga ulikuwa haujavunwa ulipofariki.

Nilidhani yamekwisha. Siku moja nilikuwa nakula mgahawani, na mfanyabiashara mmoja wa mchele, asiyenijua, akaanza kusimulia habari za mpiganaji wa kwao aliyevunjwa shingo na pombe. Alisema wazee wa kanisa walibishana kwenye msiba kama uzikwe kwa heshima ya mzee mwenzao au uzikwe kimyakimya. Wakaamua kimyakimya. Mama yako alikuwa amekaa hapo hapo, akiwasikiliza. Niliacha chakula nikatoka nje.

Ndiyo maana nilikwenda. Kamsamba ilikuwa inawaka jua. Nilimkuta mama uani anapepeta mchele. Alinitambua kabla sijajitaja. "Wewe si Ezekia, mwenzake Yoramu? Karibu, mwanangu, pole na safari." Akanipa maji. Sikukaa, maana nilijua nikikaa nitamaliza maji, niage na kuondoka. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama: mkanda, katikati ya ulingo, harufu ya pombe niliyoitunga.

Aliweka ungo chini. Akaniuliza, "Kwa hiyo hakunywa?"

"Hakunywa, mama. Hata siku moja."

Akajifunika uso kwa kanga. Kumbe hata yeye walikuwa wamemtia shaka, kaka. Alikuwa ameanza kujiuliza ulianza lini, na kwa nini hukumwambia. Nilimnyang'anya hata hilo, kumjua mwanawe.

Nilipopiga magoti alinizuia. "Msamaha tuuache kwanza," alisema. "Uliyasema mbele ya watu. Mimi ni mtu mmoja tu."

Jumatatu nikaenda na shemeji Tabitha kwenye ofisi ile ya usuluhishi. Njia nzima alikaa mbali nami, na sikumlaumu. Niliandika maelezo mapya, nikasaini. Karani alinionya kwamba naweza kushtakiwa kwa kutoa ushahidi wa uongo. Nikamwambia apokee. Kama shauri litafunguliwa tena, bado hatujui.

Mkanda nimeuacha mezani kwa Bosi. Alicheka, akasema atapata mwingine wa kuuvaa. Lakini wenzetu wanne waliposikia nilichosaini walikataa kupanda, safari hii wote, na Jumamosi iliyofuata watu walikuta ulingo mtupu. Ulipoanguka Bosi aliziba tundu tu; sasa mafundi wameshazing'oa mbao zile zote. Nilisimama nikawatazama wakizirundika kwenye mkokoteni. Kazi yenyewe ilichukua asubuhi moja, kaka. Asubuhi moja tu.

Mimi nimerudi kupakia mizigo. Wapo wanaonisifu kwamba nimekuwa jasiri. Wakianza hivyo naondoka, kwa sababu nimesema kweli wakati wewe huwezi tena kuisikia.

Kesho ni Jumapili. Mchungaji wa Kamsamba amekubali nisimame mbele baada ya matangazo. Nimeandika maneno yangu kwenye karatasi, na mara mbili nimeichana, maana kila nikiyasoma nakuta kuna mahali nimejitetea. Mara Bosi alinishawishi, mara nilikuwa na shida, mara nilikuwa bado mgeni kwenye kazi. Sasa yamebaki machache: kwamba hukunywa, kwamba uliona hatari ukatuonya, kwamba ulipanda kwa ajili yangu, na kwamba nilijua pale katikati ni pabovu nikakutupa hapo hapo.

Pumzika, kaka Yoramu. Sina haki ya kukuomba kitu. Nakuahidi tu kwamba kesho nitayasema yote kwa sauti ya kufika viti vya nyuma, na mtu akiniuliza nani alinilazimisha, nitamjibu kuwa hakuna.

Ezekia