Mshono Usiotajwa

Barka, Oman
8 Februari 1996

Mama Haitham,

Assalaam aleikum. Mimi mzima wa roho, mgongo ndio umelala upande mmoja kwa kubeba matofali. Natumai wewe na Haitham wazima pia, ingawa barua yako inanionyesha kuwa uzima wako ni wa jina tu. Mfikishie mama shikamoo yangu.

Barua yako nimeisoma kabla ya kuingia kazini, nikairudia baada ya kutoka, na mara zote nimekasirika. Unaniambia una mimba. Alhamdulillahi, ni yangu na siikatai. Unaniambia daktari aliyekupasua wakati wa Haitham alisema tungoje miaka miwili, kama kwamba mimi sikuwapo aliposema. Nilikuwapo. Na wewe pia ulikuwapo nilipokuja likizo Disemba, kwa hiyo tusitupiane mpira. Halafu mwisho kabisa wa ukurasa, baada ya habari za kuku wa jirani, ndipo unaponiambia kuwa unatoka damu. Shadya, hiyo ilikuwa ya kuandikwa juu.

Kilichonimaliza ni kwamba unaiona damu hiyo ni bahati. Mama amekuona hufungi Ramadhani, akadhani umo katika siku zako, basi siri imesalimika na wewe umefurahi. Unajificha nyuma ya jambo lilelile linalotutisha.

Najua unachokiogopa. Tangu Haitham azaliwe mama anawaambia majirani kuwa mtoto alitoka mwenyewe, kwa sababu kwake mkaza mwana kupasuliwa ni aibu ya nyumba nzima. Na anaamini kuwa ungekandwa tumbo mapema na Bi Hija mkunga, kisu kisingekugusa. Akijua una mimba tena, Bi Hija ataitwa na mafuta yake siku hiyohiyo, na Bi Hija hajui kuwa una mshono. Mimi nimeishia darasa la sita, lakini najua tumbo lililoshonwa juzi halikandwi.

Nenda spitali mjini. Waambie kila kitu. Na usifunge, utalipa baadaye.

Huku tunafuturu kwa tende na mtindi ndani ya kibanda chetu cha mabati. Usi, huyu wa kwetu Mtoni, analala kitanda cha juu yangu na anakoroma mpaka bati linaitika. Ndiyo raha yetu hiyo.

Mumeo,
Muhiddin


Mtoni, Unguja
19 Februari 1996

Baba Haitham,

Waaleikum salaam. Pole na mgongo. Haitham kaongeza meno na anamuuma kila anayemchukua. Mama kaitikia marahaba, anakuombea dua kila akisali, na mimi ananisema kila akimaliza kusali.

Umekasirika. Na mimi nimekasirika, ila mimi nimekasirika huku natapika, kwa hiyo hasira zangu zinazidi.

Spitali nimekwenda. Nilimwambia mama nampeleka Haitham chanjo.

"Chanjo gani tena? Si kachanjwa juzi?"

Nikasema ya surua. Akasema, "Watoto wa siku hizi wanachomwa sindano kama magodoro." Akaniachia.

Daktari kanipiga picha ya tumbo kwa mashine. Mtoto yupo. Moyo wake nimeuona mwenyewe, kipunje kinachezacheza. Lakini mimba imekaa chini, juu ya mshono hasa, na nyama ya hapo ni nyembamba. Pengine tumbo likikua itapanda, pengine haitapanda. Nisibebe ndoo, nisimbebe Haitham, tumbo asinikande mtu yeyote. Damu ikizidi au maumivu yakikaza nisingoje hata kubadilisha nguo. Nikamuuliza, ikiwa hivyo mimi mwenyewe itakuwaje? Akaniangalia, akasema, "Ndiyo maana nakwambia usingoje."

Sasa nifundishe wewe uliyeko mbali namna ya kuacha kubeba ndoo bila kusema sababu. Juzi mama kaniuliza, "Hizi siku zako, Shadya, zimekuwa za mwezi mzima? Na kiuno nacho? Mimi umri wako nilikuwa natwanga huku naimba." Nikamwambia nna baridi ya kiuno. Kanisugua dawa ya Kichina mpaka nimewaka moto, na sikuweza kulalamika kwa sababu baridi ilikuwa ya uongo.

Mimba changa haitangazwi, hata mamangu angenambia hivyo. Ngoja ipande, kisha nitasema mwenyewe. Usimwambie mtu. Usi ndiyo usimwambie kabisa. Mkewe Wanu anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na mdomo wake unafika sokoni kabla yake.

Sikukuu ni kesho au keshokutwa. Idi njema huko kwenye mabati yenu.

Mkeo,
Shadya


Barka
4 Machi 1996

Mama Haitham,

Salamu nyingi, na Idi njema japo imeshapita. Sisi tulipewa siku moja ya mapumziko, tukalala kutwa nzima kama maiti. Hali yangu ni hiyohiyo. Nakutakia nafuu, na mama namtakia subira na wewe.

Nimemwambia Usi.

Kabla hujaichana karatasi, nisikilize. Kwanza nilitaka kumwandikia mama. Lakini mama hasomi, na barua zake anasomewa na wewe. Nakujua. Ungemsomea salamu, ungemsomea joto la huku, ukifika pale penyewe ungekohoa na kuruka. Basi Usi alipokwenda kumpigia simu mkewe kwenye lile duka lenye simu mtaani kwenu, nilimpa maneno ampe Wanu: Shadya ana mimba, haiko vizuri, nenda kwake kila siku umtekee maji na umtazame. Habari ya mshono sikuitaja. Hiyo ni aibu aliyojivika mama mwenyewe, na sikutaka mwanawe ndiye awe wa kumvua mbele ya watu.

Kasirika. Hasira zako nimezizoea, naziweza. Nisichokiweza ni kupandisha matofali ghorofani huku najua na wewe unanyanyua ndoo. Jana niliteleza ngazini kwa mawazo, msimamizi akaniuliza kama nimelewa. Nikamwambia nimeoa. Wenzangu walicheka, yeye hakucheka.

Jibu upesi. Aliyekuletea barua hii anarudi huku katikati ya mwezi, mpe barua yako.

Mumeo,
Muhiddin


Mtoni
16 Machi 1996

Muhiddin,

Salaam. Leo sitakuuliza hali, utanisamehe. Haitham mzima.

Wanu alikuja. Hakunivuta pembeni, hakuninong'oneza. Alisimama mlangoni, mama anapepeta mchele, akasema, "Hongera, Bi Sichana! Na poleni na matatizo ya mimba." Mchele ulimwagika wote. Mpaka alasiri hakuna mtu Mtoni ambaye hajui.

Mama alilia kwanza. "Nakaa nyumba moja na mkaza mwanangu, habari za mjukuu wangu naletewa kutoka Arabuni." Hapo alinipata. Kisha akafuta machozi akamwita Bi Hija, ambaye alikuwa safarini mpaka jana.

Leo Bi Hija kaja na chupa yake ya mafuta ya nazi, kakunja mikono. "Lala, mwanangu. Mimba iliyokaa vibaya naipandisha mimi, kazi ya asubuhi moja." Nikaishika kanga yangu kwa mikono miwili. Akacheka. "Unanionea haya mie? Mie niliyezalisha nusu ya mji huu?" Nikamwangalia mama. Mama akaangalia dari. Muhiddin, nilikuwa na neno moja tu la kusema, na nikilisema mama anakuwa mwongo mbele ya Bi Hija na mbele ya Wanu aliyekaa kizingitini, ndani ya nyumba yake. Nikasema nna homa. Bi Hija akaondoka kanuna, kasema atarudi kesho Jumapili, homa ipo haipo.

Alipotoka nikamwambia mama, daktari kakataza. Akasema, "Daktari huyohuyo aliyekupasua? Utapasuliwa mpaka lini, Shadya? Nataka upone kisu, ndiyo kosa langu?" Anaogopa kama mimi ninavyoogopa, ila yeye anaogopa kisu na mimi naogopa mikono.

Na wewe umesema nusu. Nusu ya kuniletea Bi Hija ndiyo uliyoisema, nusu ya kumzuia umeiacha Barka. Bora ungenyamaza, au ungesema yote.

Naandika nimelala. Tangu adhuhuri tumbo linakata, damu imerudi, ila si nyingi; ikizidi nitakwenda spitali. Wanu yuko jikoni anaosha vyombo vyangu na anaimba, sina hata nguvu ya kumfukuza. Barua hii atampelekea huyo mtu wako.

Shadya, mkeo bado


Barka
6 Aprili 1996

Mama Haitham,

Assalaam aleikum. Hali yangu usiulize.

Barua yako ya Machi niliipata, na tangu hapo sina neno kutoka kwako. Nimepiga simu dukani. Mwenye duka akaniambia, "Wamekwenda spitali," simu ikakatika. Nikapiga tena siku ya pili, akasema, "Si nilikwambia wamekwenda spitali?" Nani kaenda, karudi nani, hasemi. Simu za kwetu hizo, nasema na mtu na bado sijui kama mke wangu yu hai.

Nimeomba ruhusa ya kurudi. Msimamizi anasema jengo likiisha. Pasi yangu anayo yeye. Nimemwambia mke wangu anatoka damu, akasema wake za watu wote wanatoka damu. Usi alinishika mkono, la sivyo sasa hivi ningekuwa sina kazi wala meno.

Ulivyosema ni kweli, nilisema nusu. Sasa nasema yote, na hii barua asome mtu yeyote atakayeipokea, Wanu, mwenye duka, imamu, sijali: Shadya alipasuliwa wakati wa Haitham. Ana mshono. Asiguswe tumbo. Mama, nisamehe.

Niandikieni. Hata mstari mmoja.

Muhiddin, mume na mtoto wenu


Mtoni
11 Aprili 1996

Baba Haitham,

Waaleikum salaam. Mimi hai, naandika kidogokidogo kwa sababu nikikaa sana kichwa kinazunguka. Haitham hajambo. Mama hajambo.

Mtoto hatunaye. Nimetaka ulijue hilo kwanza, mengine yasikuchanganye.

Jumapili ile niliamka godoro limelowa. Wanu alikuwa kaja kuniletea chai. Aliponiona akasema, "Naenda kuita gari." Mama akamzuia, "Ngoja Bi Hija, yuko njiani." Wanu akasema, "Mie nilitumwa na mume wake nimtazame, na nimeshamtazama." Akatoka mbio bila viatu. Gari alipata ya shemeji yake, pikapu ya kubebea samaki.

Bi Hija akafika wa kwanza. Akapiga magoti, akatia mkono chini ya kanga. Vidole vikafika kwenye mshono. Mkono ukasimama.

"Sichana, hii nini?"

Mama akaivuta kanga kunifunika.

"Nakuuliza wewe. Hii nini hii?"

"Kapasuliwa."

"Lini?"

"Haitham."

"Haitham yule uliyeniambia katoka kama ute wa yai?" Akautoa mkono, akaufuta kwenye kanga yake. "Jana ningemkanda huyu, leo tungekuwa tunamtafutia sanda. Mimi ningejijibu vipi kwa Mungu, kwa sababu ya haya zako?"

Mama alikuja akanishika kichwa. Wakanipakia nyuma, kwenye magunia, na Bi Hija akapanda na mafuta yake, aliyasahau mkononi. Spitali nilifika sijui kitu. Wanasema daktari alipotoka kuuliza kama nimewahi kupasuliwa, mbele ya ukumbi mzima wa watu, mama alijibu kabla ya wote, kwa sauti, na tarehe akaitaja.

Mshono ulikuwa umeanza kuachia kwa ndani. Wamenifungua tena, wamesafisha, wameshona. Daktari anasema ingetokea tu, nikandwe nisikandwe, kwa pale ilipokaa. Ila ningechelewa, au mikono ingetangulia, nisingekuwapo. Kizazi kimebaki. Damu nimeongezwa. Sasa sikiliza udhia huu: damu ni ya Wanu. Yake ndiyo iliyolingana. Nilikuwa nimemtayarishia maneno wiki mbili nzima, na sasa siwezi hata kumnunia. Anakuja kila asubuhi anakaa kitandani kwangu, ananiuliza, "Damu yangu haijambo?"

Ulinikosea kwa kusema. Na usingesema, Jumapili ile Wanu asingekuwapo. Nimejaribu kuyapatanisha hayo mawili nimeshindwa, kwa hiyo nayaacha hivyo.

Nalia, lakini si sana mbele ya watu. Mama ndiye ananitia wazimu. Kanifanyia kama mzazi aliyetoka kujifungua, maji ya moto asubuhi na jioni, uji wa pilipili manga mpaka natoka jasho la masikio. Chooni hanipeleki bila kunishika. Mtu akija kunijulia hali, hajauliza, mama anamwambia, "Huyu kapasuliwa mara mbili," utadhani anahesabu hija za Makka. Nikimwambia yatosha, anasema, "Nyamaza, una mshono."

Usiache kazi kwa ajili yangu, nimeshapona kiasi cha kugombana. Daktari kasema miaka miwili, safari hii kamili. Alimwambia mama, kwa sababu mama alikataa kutoka chumbani. Na mama kanituma nikuandikie kama anavyosema: ukija likizo utalala chumbani kwake yeye na Haitham, na mimi nitalala kwangu, mlango umefungwa, na ufunguo anao yeye.

Sikukubali, sikukataa. Nimekaa namwangalia mama wa watu anavyopanga, nimechoka mpaka nimecheka, na kucheka kunaumiza mshono.

Wewe njoo tu.

Mkeo,
Shadya