Komeo la Chumba Chetu

Nyumbani,
Jumapili mchana

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu umepata nafuu na kwamba wanangu hawajambo, hasa yule mkorofi wa mwisho. Sisi tunaendelea, ukiacha mkono wa mume wangu ambao bado uko kwenye plasta, na mimi ambaye tangu asubuhi nimefagia ukumbi mara tatu. Utasema ni kiherehere changu cha siku zote. Safari hii si hicho tu.

Umeuliza mara mbili komeo la mlango wako limefikia wapi. Limekwisha, hadi rangi limepakwa, liko chini ya meza ya karakana. Shemeji yako ndiye hataki kulituma. Nivumilie unisome mpaka mwisho, utajua kwa nini.

Unamjua mwenyewe, fundi wa kuchomelea ambaye hata kijiko angekipima kabla ya kukitumia. Jirani alipovunjiwa mlango mwaka jana, alichonga komeo nene la chumba chetu, akaja na utaratibu wake. Mmoja wetu akisikia mtu ndani, amwite mwenzake, wote tukimbilie chumbani, tufunge, tumpigie simu dereva wa nyumba ya pili. Hakuna kupigana, hakuna ushujaa wa sinema. Kila Jumapili baada ya kula tulifanya mazoezi, yeye akihesabu sekunde kwenye simu, mimi nikicheka mpaka nashindwa kukimbia. Alikuwa mkali kwa jambo moja tu, kwamba anayetangulia asifunge mpaka mwenzake awe ndani.

Basi wiki tatu zilizopita, saa kumi alasiri, nilikuwa ukumbini nakunja nguo, yeye anaoga. Nikasikia mlango wa jikoni unasukumwa. Nikamwita kwa sauti, na nilipogeuka wanaume wawili walikuwa wameshaingia, mmoja ameshika nondo. Nikatimua mbio. Shemeji yako alitoka bafuni na taulo kiunoni, povu kichwani, akafika mlango wa chumba akakuta umefungwa. Aligonga, akaita. Mlango haukufunguka. Walimpiga nondo ya mkono mpaka mfupa ukavunjika, wakabeba simu yake na redio, wakakimbia waliposikia dereva, aliyesikia vishindo, anakuja akipiga kelele.

Nilipotoka nilimkuta amekaa sakafuni. Kwanza aliniuliza kama nimeumia. Halafu, kabla sijajibu, akasema lazima komeo liligoma kufunguka, nami nikaitikia kwa kichwa.

Tangu siku hiyo nyumba hii haina utulivu. Friji ikinguruma nashtuka. Natoka jikoni kuangalia dirisha, narudi, natoka tena. Yeye kila akipata nafasi analifungua komeo, analipiga tupa kwa mkono mmoja huku mimi nimemshikia, analipaka grisi, analirudisha, analisukuma mara hamsini. Linateleza vizuri kila mara, na hilo ndilo linalomtesa, maana kosa halioni. Ametengeneza makomeo kumi ya namna hiyo, lako la kumi na moja. Ameshakwenda kwa mwalimu mstaafu na kwa mwenye duka la dawa kuwaambia wasiyatumie, kwamba kazi yake ina kasoro. Mwenye duka amewasimulia watu, na wiki nzima hakuna mteja aliyetia mguu karakana. Kesho anataka kuzunguka nyumba zote zilizobaki.

Dada, komeo halikugoma. Nilikuwa nimelishika kwa mikono miwili. Nilimsikia akiniita kwa jina ambalo yeye peke yake huniita, na nikawaza kwamba nikifungua wataingia naye. Sikufungua. Nilisikia nondo inampiga, bado nikalishika. Naona haya hata kuandika.

Hapo juu niliweka kalamu chini nikatoka. Alikuwa uani, anapanga spana kwenye mfuko kwa safari ya kesho. Nimemwambia yote bila kuzunguka. Aliacha alichokuwa akifanya, akauliza, "Ulijua ni mimi?"

Nikasema nilijua.

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akautazama mkono wake kwa muda. Kisha akasema, "Bora lingekuwa komeo."

Nilisimama pale nisijue mikono yangu niiweke wapi. Baadaye akasema kesho atarudi kwa mwalimu na kwa mwenye duka kuwaambia makomeo ni mazima, kwamba yeye ndiye alikosea kupima. Nimemkatalia. Nimemwambia tutakwenda wote na nitasema mimi, hata duka likiwa limejaa watu. Amerudi kwenye spana zake, na mpaka sasa yuko uani. Sijui kama kesho ulimi utanitii, ndiyo maana nimeanza kwako. Ukishajua wewe, sitaweza tena kurudi nyuma.

Wasalimie wanangu wote. Ukizungumza na mama usimgusie, nitamweleza mwenyewe. Komeo lako nitalituma mimi kwa mkono wangu wiki hii. Lifunge mlangoni bila wasiwasi, fundi wake hana kosa.

Ni mimi mdogo wako,
Kiherehere