Mwano Nilioupiga Mwenyewe

Masanja mwanangu,

Sikujulii hali, maana hali yako naijua. Uko chini ya udongo nyuma ya zizi, na mimi ni mmoja wa waliokupeleka huko. Anayeandika ni mkeo. Mimi darasa sikuliingia hata siku moja, unajua mwenyewe. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe, na akimaliza akaisome barua hii kwenye mkutano wa kijiji. Si siri tena.

Shule zilifunguliwa. Asubuhi watoto walikuwa wanapita nje ya ua wetu wa minyaa, sare mpya bado zina mikunjo ya dukani. Na sisi tulifungua. Shule yetu ilikuwa na mwanafunzi mmoja, Kabula wako, na mwalimu mmoja, mkeo, na kidato chake cha pili cha Kahama. Ubao ulikuwa mlango wa ghala. Tuliponda betri kuukuu kwa jiwe, tukaupaka ule mkaa wake mpaka ukawa mweusi tii. Asubuhi ilikuwa hesabu, jua likipanda kusoma. Mimi nilikuwa mlinzi. Nilikaa mlangoni nikichambua karanga, mchi mapajani.

Wewe shule nilikupeleka kwa fimbo. Ulikuwa unaaga vizuri na daftari lako, halafu nasikia uko mbugani na ng'ombe wa watu. Siku moja nikakufuata huko huko, nikakuvunjia fimbo ya mkwaju mgongoni, ikakatika vipande viwili. Ukageuka ukaniuliza, "Mayu, unayo nyingine?" Nilicheka nikakaa chini kwenye nyasi. Tulirudi nyumbani tukala michembe, vile viazi vikavu, kwa karanga, na mgongo wako nikaukanda kwa maji ya moto huku nakutukana. Hivyo ndivyo nilivyojua kupenda. Mkono wangu ulikuwa unatangulia, mdomo unafuata.

Na unakumbuka siku walipoiba ng'ombe wa mjomba wako? Ulikuwa na miaka kama kumi na mitano. Mwano, ule ukelele wa kuita watu, ulipopigwa hukungoja hata kuvaa viatu. Kwetu mwano ukisikika unaacha ulichoshika, unachukua silaha, unakimbia kule unakotoka. Huulizi. Kuuliza ni huko huko ukifika, na anayechelewa anatozwa faini. Ulirudi jioni na damu mkononi ambayo haikuwa yako, nami nikatembea kijiji kizima nikijisifu kwamba mwanangu alikuwa wa kwanza. Sikuuliza ile damu ilikuwa ya nani. Mpaka leo sijui.

Halafu ukaenda Geita kwenye mashimo ya dhahabu, mtoto akiwa na miaka mitatu. Miaka sita ulikuwa sauti kwenye simu. Ukimpigia Kabula, mnaimba ile mbili mara mbili, mbili mara tatu, akikosea unajifanya unakata simu, anapiga kelele, unacheka. Sauti yako aliijua. Sura aliisahau, na sisi tulikuwa tunaelekea kuisahau.

Sasa nakuambia ya siku ile, maana wewe uliiona ukiwa chini, na ya juu hukuyaona.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, mwaka juzi, mvua za kwanza. Mimi nilikuwa shambani napanda tumbaku. Watoto walikuwa kwenye shamba la shule, na Kabula akajikata mguu kwa jembe, mkato umefika mfupani. Walimtoa mpaka barabarani atafutiwe pikipiki, na wewe ndipo ulipotokea, umeshuka kwenye bodaboda iliyokwishaondoka, begi mgongoni. Ukamwambia ni wewe baba yake, hayo Kabula amemsimulia mama yake juzi tu. Ukamnyanyua ukakimbia naye kwenda zahanati, na ukapita njia ya mkato ya porini, ile uliyokuwa unatorokea shule.

Lakini watu waliona nini? Waliona mtu mgeni, mwembamba, nywele zimesokotwa, ndevu, vumbi la mashimo mpaka kwenye kope, amembeba mtoto anayetoka damu na kupiga kelele, anaingia naye porini. Mwanamke mmoja aliyekuwa anatoka kisimani alinijia mbio shambani. Akasema mchimbaji amemchukua Kabula wako, damu inamwagika. Na huku kwetu hadithi hiyo tumeilea wenyewe, kwamba dhahabu haitoki mpaka inywe damu ya mtoto. Sikuuliza mchimbaji gani. Mwanangu ni mchimbaji, na wala halikunijia kichwani hata mara moja.

Nilipiga mwano, Masanja. Ni mimi. Niliupiga kwa kifua chote, kama ulivyonizoea, sauti inayofika mto wa pili. Nikasema mwizi wa watoto, muueni.

Walitoka mashambani kama siafu. Wa kwanza alikupiga magotini kwa mpini wa jembe, ukaanguka. Ukamlalia mtoto ili marungu yasimpate, na wao wakaona unamkaba. Wakazidi. Kabula alikuwa chini yako akisema ni baba, ni baba, na nani asikie mtoto katikati ya wanaume arobaini? Nilifika nimeshika mchi. Nilikuwa nimepita nyumbani kuuchukua, unaona, niliona mikono mitupu haitoshi. Watu wakanipisha kwa heshima kwa sababu mtoto ni wangu. Niliona mgongo tu. Nikaupiga kwa mchi, hapa chini ya bega. Ukageuza shingo. Ukasema, "Mayu."

Mgongo ule ule.

Nilipiga kelele waache. Wengine wakaacha. Baba Neema, jirani yetu, alikuwa tayari ameinua jiwe kwa mikono miwili, na jiwe likishainuliwa juu ya kichwa linashuka.

Hapa mkeo ameweka kalamu chini. Nimemngoja. Ameishika tena.

Polisi walikuja wakauliza nani alipiga mwano. Kijiji kizima kikanyamaza kwa ajili yangu. Wakauliza nani aliua, na mimi nikanyamaza kwa ajili ya kijiji. Waliokamatwa walirudi. Tulibadilishana ukimya, hivyo tu, na tangu siku hiyo wananisalimia kwa unyenyekevu mpaka natamani kuwatemea mate. Baba Neema alileta ng'ombe dume wa kuomba msamaha. Nilimfukuza kwa panga. Nilimkata ng'ombe sikio, yeye nikamkosa kwa bahati yake. Majirani wakasema bibi ana uchungu. Niliwaacha waseme hivyo, maana ilikuwa rahisi kuliko kusema ninajichukia.

Mkeo alijua ni nani aliyepiga mwano. Kila mtu alijua isipokuwa mmoja. Nilimuuliza mkeo kwa nini haondoki na kuniacha nife peke yangu. Alisema, "Mama, niende wapi na mtoto asiyesema?"

Kabula hakusema tena. Mguu ulipona, mdomo ukafunga. Shuleni akarudi siku moja. Wavulana walipoanza kukimbia na kushangilia mpira alijikojolea chini ya dawati. Ndipo tukaamua asomee hapa. Mwaka jana wote alisoma kwa kuandika ubaoni tu, bila neno. Mtihani wa darasa la nne ukampita. Mtendaji alikuja na vitisho vya mahakama, nikamwambia anipeleke, ila anitafutie na kiti, miguu inaniuma. Hakurudi.

Mwaka huu tulijiambia utakuwa mzuri. Mkeo alinunua madaftari mapya, akayafunga kwa karatasi za kaki, akaandika darasa la tano hata kama huko shuleni wangemwita wa nne. Jumatatu ikaenda vizuri. Jumanne Kabula akavunja chaki zote, moja moja, akazikanyaga. Jumatano alimng'ata mama yake mkono mpaka damu, kisa alimwambia asome kwa sauti. Alhamisi nilimkuta nyuma ya jiko na vifaranga. Alikuwa amewapanga, anawapiga kwa kijiti, na kila anayelia anapigwa tena mpaka anyamaze. Sita. Nilisimama nikaangalia mkono wake unavyokwenda. Ni mkono wangu, Masanja. Nikachimba shimo, nikawafukia vifaranga, sikumgusa mtoto.

Ijumaa ndiyo ninayotaka uijue.

Neema alikuja. Neema wa yule mtu wa jiwe, aliyekuwa akikaa dawati moja na Kabula. Alisimama kwenye mwanya wa minyaa na daftari lake kifuani, akatoa shikamoo. Akasema kwa sauti ndogo kwamba shuleni hesabu za sehemu hazielewi, na Kabula ndiye aliyekuwa akimfundisha, na kwamba baba yake hajui kama amekuja.

Sikuitikia shikamoo yake. Niliinuka na mchi. Sikutaka kumtisha, nisikudanganye, nilitaka kumvunja. Niliona lile jiwe likishuka, nikaona kichwa chake kidogo kimesukwa vizuri mistari minne, nikatafuta pa kupiga. Mtoto hakukimbia hata. Alifumba macho. Nadhani nyumbani kwao pia mikono inatangulia.

Kabula akapita chini ya kwapa langu, akamkumbatia Neema, akanigeuzia mgongo. Mara ya tatu hiyo, mgongo mbele yangu. Akasema, maneno ya kwanza kuyasikia tangu tukuzike, sauti imekwaruza kama mlango usiofunguliwa, "Usimpige, Bibi. Mimi ndiye niliyewaita. Nilipiga kelele mguu uliponiuma, wakaja."

Mwaka mzima na zaidi, Masanja. Mtoto alikuwa amekaa mbele ya ubao wetu wa betri akiamini kwamba sauti yake ndiyo iliyokuua, na ameifungia ndani isije ikaua mwingine. Na mimi mlangoni, mlinzi, nimekalia jibu lake.

Ningeweza kusema hapana mjukuu wangu, si wewe, ni Mungu, ni bahati mbaya. Ulimi ulikuwa tayari unakwenda huko. Mkeo alikuwa amesimama karibu na ubao, ananitazama. Nikatupa mchi. Nikapiga magoti, magoti haya unayoyajua, nikamwambia, "Kelele zako hazikufika hata barabarani. Mwano niliupiga mimi. Na nilimpiga pia, kwa mchi huu."

Aliuliza, "Ulijua ni baba?"

Nikasema hapana. Nikasema sikuuliza.

Aliokota mchi. Neema akalia, mkeo akasogea, nikamwambia asimguse. Kabula alinipiga mdomoni kwa ncha ya mchi. Meno mawili ya mbele yalitoka pale pale, la tatu likatoka Jumapili. Akanipiga begani, kwapani, tena begani, na kila pigo lina neno, matusi ambayo sijui aliyajifunzia wapi kama si kwangu. Sikuziba uso. Alichoka yeye. Mikono ya miaka kumi na moja inachoka. Halafu akakaa chini akalia kwa sauti, ile sauti kubwa ya kwetu, watu wakaanza kutoka majumbani mwao na fimbo, wanakimbia, Baba Neema mbele yao. Mkeo akaenda kwenye mwanya wa minyaa akasimama mikono mitupu, akawaambia waulize kwanza. Wakasimama, Masanja. Wanaume wazima na fimbo zao wakasimama mbele ya mwanamke mmoja wakamuuliza kuna nini.

Jumatatu mkeo alimpeleka Kabula shule. Walimrudisha la nne, hakujali. Alikwenda na Neema, wakishikana mikono, na mpaka walipopotea nilikuwa nasikia mdomo wake, tatu mara nne, tatu mara tano, akikosea Neema anacheka. Mchana wavulana wakashangilia mpira. Mwalimu anasema alishika dawati, akabaki hapo. Jioni alimsimulia mama yake kila kitu, nani amekaa wapi, nani amevaa kiatu cha dada yake, mpaka ugali ukapoa. Ubao wa ghala mkeo ameuosha, mlango umerudi kuwa mlango.

Mimi mtoto hanisemeshi. Wiki ya tatu sasa. Nikimwekea chakula anakula, nikimsuka nywele anatulia, lakini neno hanipi, na akipita karibu yangu anapunguza sauti mpaka anivuke. Mkeo anasema muda utafanya kazi yake. Mimi sijamwomba muda. Nakula uji, mdomo hauna meno ya mbele, nakaa jikoni namsikiliza akipiga kelele na wenzake nje ya minyaa, na kila akicheka naweka mkono hapa chini ya bega langu, pale nilipokupiga.

Basi lala, mwanangu. Nikifika huko usinipishe kwa heshima. Mtoto wako anasema.

Mimi Mayu wako, niliyekuzaa.