Nyanya Kabla ya Sofia

Jumapili, 30 Machi
Bustani ya Mama sasa ni yangu. Yaani, kwa majaribio tu. Bi Pfützner, mwenyekiti wa chama cha bustani, kasema theluthi ya kiwanja lazima iwe mboga. Si maua, si nyasi za kujilaza. Ukaguzi tarehe 15 Mei, saa tatu asubuhi. Nikishindwa, kuna familia arobaini kwenye foleni.

Nimelima saa mbili. Mgongo umenikana.

Mama, huko nyumba ya wazee, ana swali moja tu: bustani bado yetu? Kailima miaka thelathini na minane. Nikamwambia yetu. Majaribio sikuyataja.

Jumamosi, 12 Aprili
Viazi viko ardhini. Figili zimeota — mimi, niliyeua hata mpungate wa ofisini! Jirani yangu Bwana Knoblich, miaka sabini na tisa, huegemea ua akinitazama kama anaangalia mpira. Leo kaniuliza natafuta maji au mafuta. Mashimo yangu ya viazi marefu mno, eti.

Jumamosi, 3 Mei
Nyuzi joto ishirini na sita. Dukani kila mtu kabeba miche ya nyanya. Nami nimebeba ishirini na minne. Kwenye ua, Knoblich akatikisa kichwa. "Binti, watakatifu wa barafu hawajapita." Pankrasi, Servasi, Bonifasi, tarehe 12 hadi 14, halafu Sofia tarehe 15. Siku zao baridi kali hurudi usiku; kabla hawajapita, nyanya haitoki nje. Nimeyasikia hayo tangu utotoni. Nikamjibu kwamba simu yangu inatabiri jua tupu.

Nimepanda yote. Mistari imenyooka. Najiona mkulima kabisa.

Jumapili, 11 Mei
Siku ya akina mama. Nimempelekea Mama figili saba na picha ya nyanya. Kaitazama sana. Umeshazitoa nje? Ndiyo, Mama. Akatafuna figili, akasema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Hakunigombeza. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

Jumanne, 13 Mei
Nyasi nyeupe kwa jalidi, umande ulioganda usiku. Nyanya nyeusi. Zote ishirini na nne zimelala kama mchicha uliochemshwa. Servasi kapita.

Nililia kidogo, bandani. Dukani hakuna mche hata mmoja: wenye haraka wenzangu wamenitangulia. Ukaguzi keshokutwa. Viazi na figili havifiki theluthi hata ukivipima kwa huruma. Mama nitamwambia nini?

Jumatano, 14 Mei
Knoblich kaja uani na sanduku. Vikombe vya mtindi thelathini, kila kimoja na mche wa nyanya, mnene. Nikamwambia siwezi kuchukua miche yake.

"Si yangu. Mbegu ni za mama yako. Alinipigia simu Machi: 'Knoblich, mwaka huu otesha mara mbili. Huyu wangu atazitoa mapema.'"

"Kwa hiyo majaribio anayajua?"

"Unadhani nani alimbembeleza Bi Pfützner akupe kiwanja?"

Nikacheka, nikakasirika, nikashika koleo. Knoblich akaweka mkono juu ya mpini. Leo bado Bonifasi, akasema, na kesho ni Sofia mwenyewe. Nikamkumbusha kwamba kesho saa tatu Bi Pfützner atakuwa langoni na futi yake. Nikipanda leo, usiku huenda miche ikafa. Nisipopanda, atakuta udongo mtupu.

"Bustani yako, binti." Akaenda kunywa kahawa.

Sasa saa kumi na moja jioni. Nimechimba mashimo thelathini — mafupi. Miche inalala bandani. Asubuhi nitaweka kikombe kimoja kando ya kila shimo, na Bi Pfützner apime vikombe akitaka. Sijawahi kusubiri kitu maishani.

Nimempigia Mama. Nimemwambia ninayo miche, ila sijapanda, namngoja Sofia apite.

Akauliza, "Wewe ni Heike kweli?"