Meza Isiyotoka Mlangoni

Mshauri wetu, ninusuru, maana nimekauka kama kisima cha Januari na aibu inanila. Mimi ni mfanyabiashara wa mahindi hapa Rodi Kopany, na pia ni mwandishi, kwa kuwa mwaka juzi nilitoa kitabu cha hadithi za watoto kikapendwa shuleni, mchapishaji akaniomba cha pili, nami nikaona kwamba mtu wa hadhi hiyo hawezi kuendelea kuandika akiwa ameketi kwenye kigoda kando ya cherehani ya mkewe huku wanawake wakipiga domo, basi nikamwambia mke wangu Nyamusi ahamishie cherehani barazani, nikapaka chumba rangi ya samawati, nikamwita fundi Ogeto akaniundia meza humo humo ndani, kubwa hata haiwezi kutoka mlangoni, nikanunua kiti cha kuzunguka, nikafunga dirisha, nikaketi, na tangu Pasaka hadi leo nimeandika sura moja tu, na hiyo nimeichana.

Chumba ni kimya kabisa, lakini masikio yangu hayakai ndani. Juzi nilimsikia Trizah wa Rangwe akimwambia mke wangu, "Yawa, Mama Clifford! Hii nguo nilisema ni ya harusi, wewe umenishonea gunia la mumeo?" Mke wangu akajibu, "Gunia la mume wangu lingekuwa na kitu ndani?" Wakacheka mpaka kalamu ikanitoka mkononi.

Mvua nayo inalowesha sare za shule pale barazani na wateja wananuna. Nyamusi amesema, "Baba Clifford, nikimaliza sare za Januari, mimi na cherehani tunahamia Rongo. Wewe baki na meza yako." Nadhani ni hasira tu. Swali langu ni hili: nipake chumba rangi nyingine, au nipange chumba Homa Bay karibu na ziwa, ili upepo uniletee mawazo?

Uniwie radhi kwa mwandiko. Leo ni Sabato, wenzangu wako kanisani, nami nimesingizia tumbo. Naandika haya yote hapa barazani juu ya cherehani, maana mle ndani kalamu ilikataa.

Nyamongo, Rodi Kopany

Bwana Nyamongo,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa nikitafuta nukta. Sentensi yako ya pili ingeweza kutembea kutoka Homa Bay hadi Rongo bila kupumzika.

Nakuhurumia, lakini kidogo. Kukaukiwa na maneno kunauma. Ila wewe hukukaukiwa. Ulikifukia kisima kwa mikono yako, kisha ukakipaka rangi ya samawati.

Hebu tazama ulichoandika. Habari za meza, kiti na hadhi zinasinzia. Trizah alipofungua kinywa, karatasi ikaamka. Nilicheka peke yangu, nami si mtu wa kucheka ovyo. Hao unaowaita wapiga domo ndio waliokupa kitabu cha kwanza. Wewe ulikuwa karani wao tu. Uliketi bure, ukasikiliza bure, kisha ukawatoa nje wasimame mvuani. Shukrani ya punda ni teke, lakini hata punda hajipi cheo cha mwandishi.

Tena barua hii ndefu umeiandikia wapi? Kwenye cherehani! Hilo la Sabato na tumbo la uongo utalimaliza na mzee wa kanisa lako. Mimi nasema hivi: jibu ulikuwa umeliegemea kwa viwiko, nawe unaniuliza rangi.

Homa Bay usiende. Upepo wa ziwa hukausha dagaa wa omena. Sijausikia ukiandika sura.

Mkeo umemtaja mwishoni, kama mtu anayekumbuka chumvi baada ya kuepua chungu. Yeye ndiye jambo lenyewe. Mwenye hasira hupiga kelele na kubamiza mlango. Anayesema atamaliza kwanza kazi za watu ndipo aondoke, huyo amekwisha kuulizia chumba Rongo. Kitabu kikichelewa, mchapishaji atamtafuta mwingine. Nyamusi akihama, utamtafuta nani?

Basi siku utakayosoma gazeti hili, inua cherehani mwenyewe, usimtume mtu, uirudishe ndani karibu na dirisha, na hilo dirisha ulifungue. Ile meza isiyotoka mlangoni mwachie Nyamusi awe akikatia vitambaa juu yake. Fundi Ogeto atakuwa amefanya jambo la maana bila kukusudia. Kiti cha kuzunguka ni cha wateja. Anza na Trizah.

Kisha mwombe mkeo msamaha mbele ya wateja wale wale waliolowa, kwa sentensi fupi. Akikubali kubaki, muulize kwa adabu kama kile kigoda chako bado kipo. Akikuambia amekwisha kukipasua kuni, andika ukiwa umesimama.