Baba Akinyi, Huko New York Umeshapiga Nduru?

Mpendwa Baba Akinyi,

Bahasha ya barua hii sikuibandika, na si kwa kukosa gundi. Najua itafunguliwa tu. Karani wa shamba ataifungua kabla haijapanda lori, wataifungua tena stesheni ya Kipkelion, na meli nayo haitakosa mtu wake wa kupenda mambo ya watu. Basi nimewarahisishia kazi. Ninyi nyote mnaoisoma njiani, nawasalimu. Mkimaliza ikunjeni kama mlivyoikuta, mume wangu naye apate kuisoma.

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mara nyingi, na kila mara nilikuwa natafuta ulichoficha. Unasema yule bwana mhubiri amehama Chicago na jamaa yake yote, sasa mko New York, na anakuomba ubaki umpikie mpaka watoto wake wakue kidogo. Unaniuliza kama nitakubali. Halafu, kabla hata sijafungua mdomo, unaanza kunibembeleza: "Usiogope, mama. Chicago ulikuwa mji wa majambazi, lakini hapa New York ni salama." Baba Akinyi, nilikuwa sijaogopa. Niliposoma hilo neno salama ndipo nikaanza.

Hebu tuanze na Chicago, maana huko nina ushahidi wako mwenyewe. Uliniandikia kwamba ulivuliwa koti mchana, jua likiwaka, barabara imejaa watu. Ulipiga kelele mpaka sauti ikakauka, na wale watu wakainama wakatazama viatu vyao. Ukaenda kwa askari mmoja, naye badala ya kukuuliza mwizi alielekea wapi, akakuuliza wewe koti zuri namna ile ulilitoa wapi. Hapo nilicheka kwa hasira. Kumbe safari yote ile ya meli ilikuwa ya kwenda kuulizwa swali la hapa hapa Kericho, ambapo ukikutwa barabarani umebeba kitu kizuri, jambo la kwanza ni kuulizwa kipande chako, ile karatasi ya ruhusa ya kutembea, kiko wapi.

Sasa New York. Ushahidi wako ni upi? Unasema hujaguswa na mtu, na mlango wa nyumba mnayokaa una makufuli matatu. Makufuli matatu! Wewe ndiye uliyeniambia mlango wa kamba unatosha. Mtu haweki makufuli matatu kwa sababu majirani zake ni wema. Na kama hujaguswa, labda ni kwa sababu bado hawajakuona vizuri, unashinda jikoni.

Nilimwendea karani, maana yeye anasoma magazeti ya zamani ya bwana meneja kabla hayajafungiwa vitu. Unamjua alivyo, mtu wa kwetu ziwani lakini anatembea kama amezaliwa Ulaya. Nikamwuliza, kati ya Chicago na New York, ni upi mji wa kumwacha mume wa mtu? Akavuta kiti.

"Mama Akinyi, Chicago inaogopwa kwa sababu bunduki zake zina kelele, na gazeti linapenda kelele. New York ni kubwa kuipita. Mji mkubwa hauwezi kukosa wezi wengi, ila wenyeji wameshawazoea."

"Kwa hiyo salama ni upi?"

"Inategemea unamwuliza nani."

Miaka yote ile ya shule, na jibu ndilo hilo. Lakini nililibeba mpaka nyumbani. Nikajiambia, kama inategemea mtu anayeulizwa, basi mume wangu nitamwuliza mimi, na nitamwuliza kwa njia tuliyojifunza pamoja hapa.

Unakumbuka tulivyofika? Msitu ulikuwa bado unakatwa, michai ilikuwa mifupi hata kuku angeipita, na nyumba yetu ya laini, kwenye safu ya nyumba za vibarua, ilikuwa bado inanuka matope mabichi. Mlango ulikuwa mbao zilizofungwa kwa kamba. Wewe ulifunga fundo moja ukalala. Mimi niliamka nikaongeza langu. Kwetu tulikuwa tumeonywa sana juu ya Wakipsigis wa ng'ambo ya mto, kwamba ukiwapa mgongo umekwisha. Na wao, nilikuja kujua baadaye, walikuwa wameonywa juu yetu sisi, kila tukipita wanahesabu kuku wao. Asubuhi tulikuwa tunasalimiana vizuri kabisa, kila upande umeshika chake kwa nguvu.

Halafu ikaja siku ya shuka. Ulikuwa mpishi wa bwana meneja wakati huo, na uliniletea shuka zake nizifue kwa sababu dobi alikuwa mgonjwa. Nilizianika kwenye ua wa miti. Alasiri mawingu yakashuka, mvua ya mawe ikaanza, nikatoka mbio nizianue, na hapo nikaona shuka moja nyeupe inakwenda zake katikati ya chai, na chini yake miguu ya mtu. Sikufikiri. Nilipiga nduru ambayo sikujua ninayo.

Hapo ndipo tulipoona desturi ya hawa watu. Ng'ambo ya mto mtu mmoja aliipokea nduru yangu akaipiga tena, mwingine juu ya kilima akaipokea kwake, na kabla mvua haijaisha chai ilikuwa imejaa wanaume wenye fimbo na mishale, wamelowa, wananiuliza mimi mgeni ni nani amenigusa. Wewe mwenyewe ulitoka jikoni na mwiko. Shuka ilionekana imetupwa kwenye matope, na mwenye miguu amepotea. Tukaambiwa ndivyo ilivyo katika kokwet yao, yaani ujirani wao: ukisikia nduru usije, unatozwa faini, na ukipiga nduru ya bure, unatozwa vilevile. Hawaulizi nduru ni ya kabila gani.

Lakini kuna mmoja aliyefika kabla ya wote. Arap Sigei, yule jirani wa ng'ambo mwenye ng'ombe wekundu. Wenzake wote walikuja na fimbo, yeye alikuja mikono mitupu. Jioni nilikwambia, "Baba Akinyi, aliyefika wa kwanza ndiye aliyekuwa karibu. Na aliyekuja bila fimbo alijua hakuna wa kupigana naye." Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Ukasema, "Wewe mwanamke, hata malaika akikutokea utamwuliza alikuwa wapi jana." Nilinuna, lakini mawazo yangu sikuyabadilisha. Miaka yote hiyo ambayo Akinyi amekunywa maziwa anayotuletea yule mtu, mimi nilikuwa namtazama mikono.

Nakumbuka pia siku tulipokusindikiza stesheni. Ulikuwa umevaa koti lile lile ambalo Chicago wamelichukua, na kifurushi cha mkate wako mwenyewe, ule uliomfanya mhubiri akuombe kwa meneja. Akinyi alikuwa mgongoni kwangu. Nilikuuliza ukipatwa na jambo huko utafanya nini. Ukasema, "Nitapiga nduru, na wewe utaisikia." Ulikuwa unanitania ili nisilie. Mimi nililia, na tangu siku hiyo, upepo ukitoka upande wa stesheni, huwa nasimama kidogo. Akinyi ameniona nikifanya hivyo. Sasa naye anasimama, hata hajui anasikiliza nini.

Barua yako ilipofika, wanawake wa laini walianza maneno. Kwamba mume aliyekwisha kuonja America harudi. Kwamba nyumba isiyo na mwanamume, hata ikilia, nani atajisumbua? Niliyasikia kwenye mzani tukipima majani, niliyasikia mtoni. Nikaanza kuwatilia shaka wote, wa kwetu na wa ng'ambo. Nikawaza, yeye huko anasema ni salama kwa sababu hajaguswa, na mimi hapa ninasema ni salama kwa sababu hiyo hiyo. Hakuna kati yetu anayejua.

Kwa hiyo nilipiga. Ilikuwa jioni, jua bado liko, saa za kukamua. Nilimtuma Akinyi kuteka maji, nikasimama mbele ya mlango, nikashika kiuno, nikaachia nduru ya bure.

Kidogo tu nikaona chai inatikisika. Nikajua ni nani kabla sijamwona. Arap Sigei, wa kwanza tena, bila fimbo tena!

"Mama Akinyi! Nani nabiga wewe?"

Nilikuwa natazama mikono yake. Ilikuwa imelowa mpaka kwenye viwiko, inadondosha kitu cheupe. Maziwa. Mtu huyu alikuwa chini ya ng'ombe.

"Fimbo yako iko wapi?" nikamwuliza.

Alinitazama kama mimi ndiye mgonjwa. "Fimpo? Mimi nakwenda tafuta fimpo, wewe nakufa."

Baba Akinyi, nilikaa chini pale pale. Wengine wakafika na mikuki na majembe, wanawake wa laini na michi, hata yule aliyesema nani atajisumbua alikuja ameshika mtoto kiunoni na panga mkononi. Karani alifika mwisho kabisa, amevaa kofia, anauliza kama kuna shida. Watoto wakasema walimwona akifunga dirisha. Nilipowaambia hakuna mwizi, nilitaka tu kujua, wazee wa ng'ambo walikasirika kweli. Nimetozwa kuku wangu mkubwa, yule jogoo uliyempenda. Karani naye ametozwa kwa kuchelewa. Na ndama wa Arap Sigei alinyonya maziwa yote siku hiyo, Akinyi akalala na chai nyeusi. Nilimwomba msamaha yule mtu. Akasema hapana shida, ila nisirudie wakati wa kukamua.

Bado namtilia shaka kidogo. Lakini ni kidogo kweli.

Sasa nakujibu uliloniuliza. Ninaogopa, Baba Akinyi, na sitaki kukuficha. Siogopi bunduki za Chicago, hizo karani amesema zina kelele, na chenye kelele mtu atakikimbia. Ninaogopa uanguke siku moja katika mji ule mkubwa, uite, na watu watazame viatu vyao, na mimi huku niwe ninavuna chai, nimebeba kikapu changu, nisisikie kitu. Akinyi ameng'oka meno ya mbele. Anauliza kama utamtambua. Nimemwambia atabasamu tu, utamjua kwa pengo.

Kwa hiyo fanya hivi. Siku moja mchana ufungue hayo makufuli yote matatu, utoke, usimame barabarani hapo New York, mahali watu wanapita, na upige nduru. Piga ile ya kweli, ya tumboni. Halafu ungoje kwa muda wa kukamua ng'ombe mmoja. Akitoka mtu hata mmoja, mweusi au mweupe, ameshika fimbo au mwiko au chochote kile, akakuuliza ni nani amekugusa, basi kaa upike, mimi nitavumilia, na umpe huyo mtu salamu zangu. Usipoona mtu, usiniandikie tena kwamba ni salama. Funga mzigo uje. Hapa ukipiga kelele tunatoka, hata mke wako, hata karani, japo na kofia.

Na kama atakayetoka wa kwanza ni mwanamke, tena mikono mitupu, usije ukaniambia alikuwa anakamua. Huko mjini hakuna ng'ombe.

Kaa vizuri, na ulale ukisikiliza.

Ni mimi mkeo,
Mama Akinyi