Nilimwomba Mama Dama kitambulisho

Ijumaa, saa kumi alasiri. Manyunyu tangu asubuhi, yale ya kulowesha nguo kwenye kamba bila kujaza pipa. Kichwa kinaniuma kidogo. Watoto wa chekechea wameshachukuliwa na wazazi wao, nami nimebaki darasani peke yangu na simu, najaribu kuandika jambo ambalo tangu jana nalisema moyoni kwa njia hii na ile, na halikai sawa kwa njia yoyote.

Jana nilikuwa karani wa uchaguzi.

Ulikuwa uchaguzi mdogo wa mwakilishi wa wadi, na shule yetu hii, nje kidogo ya Malindi ukishika njia ya Ganda, ndiyo iliyokuwa kituo. Niliomba kazi ile ya siku moja kama walimu wengi wanavyoomba. Tukapewa mafunzo, nikapangiwa meza ya kwanza, karibu na mlango. Unapokea kitambulisho, unatazama sura, mtu anaweka kidole kwenye mashine, unampitisha kwa mwenzako mwenye karatasi za kura. Sheria yenyewe ni fupi: mpiga kura aje na kitambulisho alichojiandikishia. Hana, hapigi.

Mafunzoni niliiandika kwenye daftari nikaipigia mstari. Niliona ni jambo lisilo na maswali.

Mama Dama ni mpishi wa shule. Nilipoajiriwa hapa nilimkuta, na walionitangulia nao walimkuta. Ndiye anayepika uji wa watoto saa nne, mahindi na maharagwe mchana, na chai ya walimu. Jana shule ilifungwa, lakini alikuja, kwa sababu msimamizi wa kituo alimwomba awachemshie watu chai. Alfajiri tulipokuwa tunasukuma madawati, yeye alikuwa jikoni anapuliza kuni mbichi. Sote tulikunywa chai ile, makarani, askari, mawakala wa wagombea. Mimi nilikunywa vikombe viwili, na mahamri.

Saa nne na kitu alifunika moto, akajifunga leso safi, akaenda kusimama kwenye foleni. Hakuomba kupitishwa mbele.

Alipofika mezani kwangu alitabasamu, na kabla sijamwambia neno akaweka kidole kwenye mashine, maana alikuwa amemwona aliyemtangulia akifanya hivyo. Mashine ikalia. Sura yake ikatokea, na jina lake lote, na tarehe yake ya kuzaliwa. Nikanyoosha mkono kupokea kitambulisho. Akaniwekea karatasi iliyokunjwa mara nne.

Ilikuwa ile karatasi ya kusubiri, wanayokupa ukiomba kitambulisho kipya. Chake kilipotea mwezi uliopita huko Kilifi. Aliingia jengo moja la ofisi, mlinzi akakibakiza mlangoni kama kawaida yao, na alipotoka akakuta kimepewa mtu mwingine kwa makosa. Hakikurudi. Habari hiyo nilikuwa naijua. Alinisimulia mwenyewe siku moja tukichambua maharagwe, na nilimsaidia kuandika maelezo ya kupeleka polisi.

Nilimtazama. Kando yangu walikaa mawakala na kalamu zao. Nikasema, "Kitambulisho, mama."

Sikusema Mama Dama. Nilisema mama, kama ninavyomwambia mwanamke yeyote nisiyemjua sokoni.

Alidhani sikusikia. "Mwalimu, si unajua kilivyopotea? Hiyo ndiyo karatasi yake. Na mashine imenijua."

Mzee Karisa, wakala wa mmoja wa wagombea, akainua kalamu. "Hapo hapana. Kitambulisho hana."

Mtu mmoja kwenye foleni akasema kwa sauti kwamba huyo ndiye aliyewapikia chai. Watu wakaanza kunung'unika. Msimamizi akaja, mwanamume mpole ambaye ni mgeni huku kwetu. Akaisoma karatasi pande zote mbili, akasema anasikitika, sheria haiikubali. Mama Dama hakubishana naye. Alimgeukia Mzee Karisa, ambaye shamba lake limepakana na la kwao.

"Karisa, hunijui?"

"Nakujua," mzee akasema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi. "Nakujua wewe na nilimjua mamako. Lakini nikikupitisha kwa kuwa nakujua, akija mtu nisiyemjua mimi, wakala yule pale akasema anamjua, nitamkatalia kwa neno gani?"

Swali lile nimelala nalo na kuamka nalo.

Msimamizi akanigeukia. "Karani, umeona kitambulisho?"

"Sijaona."

Mama Dama akachukua karatasi yake, akaikunja palepale ilipokuwa imekunjika, akatoka. Nilidhani ameenda nyumbani. Alirudi jikoni. Saa saba alituletea chakula, akatuwekea kila mtu sahani yake, hata mimi yangu.

Sikuimaliza.

Nilijiambia nimefanya haki. Halafu alasiri akaja mzee mmoja mkata mawe, wa machimbo ya matofali. Vidole vyake vimeliwa na mawe mpaka vimekuwa laini kama sabuni. Aliweka kidole gumba, mashine ikakataa. Akaweka cha pili, cha tatu, akavipangusa kwenye suruali, akajaribu vyote kumi. Mashine haikumjua hata kidogo. Tukatafuta kwa nambari ya kitambulisho, jina likaonekana, fomu zikajazwa, mawakala wakaridhika, akapiga kura yake. Alitoka amekishika kitambulisho kile kwa mikono miwili. Nami nikawaza, afadhali sheria ipo, la sivyo huyu angeingiaje?

Kwa hiyo mmoja mashine ilimjua, karatasi ikamtoa. Mwingine mashine haikumjua, karatasi ikamwingiza. Na wote wawili ni watu wa hapa hapa, hakuna kati yao aliyesema uongo.

Aliyesema uongo ni mimi. Si jana. Niandike basi, maana nimeshafika hapa.

Nilipokuwa na miaka kumi na saba, kabla mashine hizi hazijaletwa, dada yangu Kadzo alikuwa ndani na mtoto wa siku sita. Hakuweza kutoka. Alinipa kitambulisho chake na kadi yake ya kura akaniambia, "Nenda unipigie," akanitajia jina la mtu anayemtaka. Tunafanana, na picha yenyewe ilikuwa nyeusi kama chungu. Karani aliitazama, akanitazama mimi, akauliza, "Ni wewe?" Nikasema ni mimi. Akanipitisha.

Ndani ya kibanda cha kura nikampigia mtu mwingine, siye aliyenitajia. Nikitafuta sababu leo siipati. Bango lake lilikuwa zuri. Nilikuwa mtoto na nilikuwa na kalamu mkononi, na hakuna aliyekuwa ananiona.

Nilirudi nyumbani nikamwambia tayari. Akanishukuru. Yule aliyemtaka alishindwa, na Kadzo akasema kwa miaka kwamba angalau yeye kura yake alimpa. Sikuwahi kumwambia kitu. Yeye hasomi blogu; akiisoma hii, basi atakuwa amejua.

Sasa mtu aniambie niko upande gani. Mwizi wa kura ninayemjua kwa hakika ni mimi, na nilipita mlangoni nikiwa na kitambulisho halali kabisa. Kwa hiyo niseme kitambulisho hakifai kitu? Lakini kama kisingeulizwa siku ile, si wangekuja kumi kama mimi? Nikiwaza hivi namrudia Mzee Karisa na neno lake. Nikishakubaliana naye, namwona Mama Dama anakunja karatasi.

Matokeo yalitangazwa jana usiku. Tofauti ilikuwa kubwa. Kura moja isingesogeza kitu. Nilitegemea nikisikia hivyo moyo utatulia, nao haukutulia. Wala sijui Mama Dama alitaka kumpa nani.

Leo saa nne, watoto walipokuwa wanakunywa uji, nilienda jikoni. Nilisimama mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mama Dama."

"Marahaba."

Akaendelea kukoroga sufuria ya maharagwe. Nikamwambia kwamba sheria ndiyo ile, kwamba singeweza kufanya vingine, kwamba mawakala walikuwa wanatazama. Nilisema mengi. Alinisubiri mpaka nikaishiwa.

"Nani kakwambia nilitaka uvunje sheria?" akaniuliza. "Hata mimi sitaki watu wapige kura bila vitambulisho. Wangeletwa hapa kwa malori, tungechaguliwa na watu tusiowajua."

Hilo sikulitarajia. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Nikakaa kwenye gogo la kupasulia kuni.

"Nilijua huenda nikakataliwa," akaendelea. "Nilikuja kujaribu. Ila wewe ulinitazama kama mtu aliyeshuka kwenye gari sasa hivi. Ungesema, huyu ni mpishi wetu, namjua, lakini sheria imemkataa. Ningeondoka na heshima yangu. Karisa ni adui yangu wa mpaka wa shamba, na yeye alisema ananijua. Wewe hukusema."

"Niliogopa wataona napendelea."

"Nimekuona ulivyoogopa."

Alisema hivyo bila ukali, kama anayesema kuni ni mbichi. Kisha akanipa mwiko nikoroge, yeye akatoka kuchota maji. Niliyakoroga yale maharagwe kwa nguvu zote. Sijui kama nimesamehewa au nimepewa kazi tu.

Aliporudi nikamuuliza habari za kitambulisho kipya. Akasema Jumatatu atashuka Kilifi kuulizia, na kwamba safari iliyopita walimzungusha dirisha hadi dirisha mpaka saa za kazi zikaisha. Nikamwambia nitaomba ruhusa niende naye. Alinitazama kidogo. "Ukipenda," akasema.

Mwalimu mkuu ameshanipa ruhusa. Hilo angalau ni jambo moja linaloeleweka katika wiki nzima.

Mengine bado yamenivuruga. Nimejaribu kujiuliza kwa unyofu: akija tena mtu namna ile, mashine imemjua, mimi nimemjua, foleni nzima imemjua, na kitambulisho hana, ningefanyaje? Nadhani ningemkatalia. Naandika nadhani, kisha nafuta, kisha naiandika tena. Kuna saa naona kumkatalia mtu kama yule ni kumdhulumu, sheria au si sheria, na aliyeitunga hakuwahi kuacha kitambulisho chake mlangoni kwa mlinzi. Kuna saa namkumbuka binti wa miaka kumi na saba anayesema ni mimi.

Nilichokuwa na uwezo nacho jana, na hakuna sheria iliyonizuia, ni kusimama kutoka kwenye kile kiti, nimwamkie Mama Dama kama ninavyomwamkia kila siku, nimtaje jina mbele ya mawakala wote, ndipo nimwambie hapana.

Sikusimama. Kwa nini sikusimama?